Njuga ya Kiritiri na Njuga ya Mikinduri

Habari za kifo chake nilizipata Embu mjini, mbele ya kibanda cha kaseti. Muuzaji alisema tu, "Yule wa Njuga ametuacha." Ikabidi niulize, Njuga ipi? Msomaji wa sehemu hizi analielewa swali hilo. Kuna bendi ya Kiritiri, kuna kwaya ya akina mama wa Mikinduri, na kulikuwa na kijigazeti cha vijana wa Gachoka kilichokufa mapema, vyote vikiitwa Njuga. Marehemu alikuwa wa bendi, mpiga gitaa ambaye mchana alikata nyama buchari.

Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nilipokuwa nikipakia mchanga Kiritiri kabla miguu haijaniwasha tena. Shule niliiacha mapema, kuuliza maswali sikuacha, na siku moja nilimuuliza jina hilo alilitoa wapi. Aliweka kisu chini. Mama yake alikuwa mcheza ngoma, akasema, na alipofariki njuga alizokuwa akifunga miguuni hazikuonekana tena. "Jina ndilo nililobaki nalo."

Kisha ikaja harusi ya Gachoka. Watu wa bwana harusi waliagiza Njuga, na watu wa bibi harusi, wenyeji wa Tigania iliko Mikinduri, nao wakaagiza Njuga, kila upande ukidhani wanasema kitu kimoja. Asubuhi wakafika akina mama na vitabu vya nyimbo, na vijana na spika zao. Kiongozi wa kwaya, mama mrefu asiyecheka ovyo, alimwendea rafiki yangu moja kwa moja. Kaseti ya bendi ilikuwa imepigwa kanisani kwao kwa makosa, mchungaji alikuwa ameudhika, na kwaya ilikuwa karibu kuvunjwa. "Baba, tafuta jina lingine. Hizo nyimbo zako ni za baa."

Yeye hakubishana. Aliwaita wajukuu wanne wa mzee mwenye boma, binamu waliopewa wote jina la babu yao, kama desturi ilivyo huku kwetu. "Mama, hawa wote wanabeba jina la guka mmoja. Huyu ni shemasi, huyu ni mlevi. Umesikia shemasi akimwambia mwenzake arudishe jina?" Mlevi akadakia kwamba shemasi alishawahi kujaribu, na boma zima likacheka.

"Hao ni damu moja," mama akasema.

Ndipo rafiki yangu alipomsimulia, kwa sauti ya chini, habari za mama yake. Wakapatana kwaya iimbe kwanza, na tangu siku hiyo kila mmoja aandike jina la mji wake kwenye kaseti.

Nimepita miji mingi nikiona watu wakigombania majina ya maduka, ya vyama, hata ya makanisa, kana kwamba jina likitamkwa na mwingine linapungua. Jumamosi, kaburini, vijana wa bendi walikuwa wakinong'ona kwamba waliache jina lao, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Akina mama wa Mikinduri walikuwa wamefika tangu asubuhi. Kiongozi wao, sasa akitembelea fimbo, aliwasikia.

"Msiliache," akawaambia. "Mtatuachia sisi peke yetu, na ni la mama yake."

Jina huishi kwa wanaolibeba. Vijana wakachukua magitaa, na kwaya ikawasubiri waanze.