Mzee Chitanda na Kobe wa Kitandani

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana niliamka kabla ya adhana nikiwa na furaha ya bibi harusi. Kitanda kilikuwa kimeshafungwa kamba juu ya kirikuu, kile kigari cha mizigo, pale Keko, mbele ya karakana yangu. Kitanda cha mtoto, na kwenye ubao wa kichwani nimemchora Kobe Subira, yule kobe wa katuni aliyekuwa akitoka kwenye runinga kila jioni. Watoto wa Temeke nzima walimjua kuliko wanavyowajua wajomba zao. Nilikuwa nakwenda Tegeta kwa dada Felista, aliyembuni, kumwomba ruhusa ya kumtumia kobe wake kwenye vitanda vyangu.

Usininunie tena. Jana ulipokuja kuniomba uuze mashuka yako kwa jina la vitanda vyangu, ukayatandaza hapa sebuleni, na jina umeshalidarizi kwa uzi mwekundu, nikacheka, na wewe hata chai hukumaliza. Sikukudharau. Nilijiona mwenyewe. Huo moto ulio nao naupenda mno, na ndiyo maana nikakwambia rudi leo.

Keko unaijua. Ukibuni kochi zuri ukaliweka barabarani, wiki haijaisha jirani naye analo, na jirani wa jirani. Mteja analeta picha, fundi anatengeneza, hakuna anayeuliza ni ya nani. Kila nilichobuni mie kiligeuka cha mtaa mzima, na karakana ilikuwa inakata roho. Nikasema, nikimpata Kobe Subira kwa mkataba halali, nitakuwa na kitu ambacho wenzangu hawana. Nikimkosa, nafunga karakana, narudi Masasi kwa mama kuokota korosho.

Dereva anataka kuwasha gari, akatokea Mzee Chitanda. Huyu ni mzee wa Newala aliyenifundisha kushika randa wakati mafundi wengine wananiambia nikakaange mihogo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakizunguka kitanda polepole, mikono nyuma.

"Hawa, unakwenda kuposa au kutorosha?"

"Kuposa, babu. Tena nasubiriwa saa nne."

"Mbona mwali umeshamlaza kitandani?"

Dereva alicheka mpaka akashika usukani. Nikajieleza kwamba nimemchora ili mwenyewe aone atakavyopendeza. Mzee akasema tukishushe. Akachukua msasa, mwanangu, akaanza kumfuta kobe wangu. Nilimshika mkono, nikamsihi, wapi. Rangi ilipotoka tukaona sote: mbao imeanza kupinda kwa sababu niliinunua mbichi, na kwenye maungio nimejaza puti kuziba nyufa. Akakisukuma kwa kidole kimoja. Kikalia kriii.

"Sasa nimekiona kitanda," akasema. "Kobe alikuwa amekifunika. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mjukuu wangu. Siku kikimvunjikia mtoto, hakuna atakayesema cha Hawa kimevunjika. Watasema cha Kobe Subira. Huyo dada amekukosea nini?"

Nilikaa juu ya maranda nikalia, kwa aibu na kwa hasira, maana alikuwa amesema kweli. Nikampigia dada Felista kumwomba siku nyingine. Akakubali, ila akaniambia wazi kuna fundi mwingine anakuja na kitanda chake, na kikimpendeza atampa yeye.

Basi tukaingia kazini. Mzee alishusha mninga wake mkavu, aliokuwa ameulaza darini akingoja kazi ya maana. Tukachonga maungio yanayoshikana yenyewe. Tukapiga msasa hadi nikipitisha kanga yangu juu ya mbao, uzi hata mmoja haunasi. Rangi hatukupaka. Nilikuwa na wasiwasi, lakini mikono yangu ilikuwa inafurahi, sijui kama unanielewa.

Tegeta Mzee alikuja na mimi, kanzu na kofia, mshenga kweli kweli. Dada Felista, mama wa Bukoba mwenye kicheko kikubwa, akakitazama kitanda kilivyo kitupu.

"Kobe yuko wapi?"

"Kobe ni wako, mama," Mzee akamjibu. "Sie tumeleta kitanda."

Yule dada akavua viatu, akapanda, akaruka. Mtu mzima na heshima zake, anaruka juu ya kitanda cha mtoto. Hakikulia hata kidogo. Akashuka anahema. "Juzi nimeletewa kitanda kina kobe mpaka miguuni," akasema. "Kobe nimemwona. Kitanda sikukiona." Akanipa mkono.

Na mie, kwa furaha, nikaanza: na meza je, na mabegi ya shule je? Mzee akanifinya mpaka leo nasikia. Nje akaniuliza, "Begi umeshona lini wewe?" Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Hatukusaini siku ile. Mkataba tuliupeleka kwanza kwa mwanasheria akatusomea. Vitanda tu. Miaka miwili tu. Kijani cha kobe ni kile alichokichagua yeye, si kile ninachokipenda mimi. Kila mtindo mpya auone kabla haujauzwa, na kila kitanda kikiuzwa, fungu lake litoke. Siku kitanda cha kwanza kilipowekwa barabarani kihalali, nilicheza mbele ya watu, Keko nzima ni shahidi.

Miaka ikaisha, Kobe akarudi kwao. Nikadhani wateja watamfuata. Wakabaki. Wakawa wanasema, tunataka kitanda cha Mama Hawa. Hilo ndilo jina ulilolidarizi wewe.

Sasa nisikilize. Jina la mtu huombwa kwa mwenyewe, kabla ya sindano kugusa kitambaa. Omba kwa kitu kimoja unachokijua vizuri, usiniletee habari za mapazia na taulo. Masharti mpe mtu anayeyaelewa akusomee. Na kabla ya yote, chako kiwe kizuri kikiwa kitupu, maana kizuri chajiuza. Jina kubwa linamleta mteja mlangoni. Atarudi kwa ajili ya kile alicholalia.

Mashuka yako nimeyafua asubuhi kwa mkono wangu. Angalia hapa: uzi umechuja, jina langu limeacha doa jekundu shuka nzima. Lakini pindo hizi, mwanangu, nani kakufundisha? Na hii pamba, nimeishika mara mbili mbili. Jibu langu si hapana. Rudi kwako Kibamba ukashone shuka nyingine, nyeupe, isiyo na jina la mtu. Uilete, nitaitandika kwenye kitanda changu mwenyewe, na nitavua viatu.

Mungu aibariki sindano yako, mwanangu, akupe mikono isiyoficha kitu, na siku moja mtu aje akuombe jina lako.