Kaporali wa Kopo la Maziwa

Mwaka 1957 jiko la Zaina liliangushwa na ua. Majirani, kwa adabu, walisema ni upepo, lakini upepo hauachi machipukizi mabichi juu ya paa lililolala chini. Mumewe, Abdulhamid bin Sefu, ndiye aliyelileta ua lile kutoka kituo cha kilimo cha Wabelgiji huko Yangambi, alikokuwa msaidizi wa bustani tangu ujana wake. Ulikuwa mmea wa kutambaa, wenye maua ya buluu mapana kama kisahani cha chai, na katikati ya kila ua nyota ya njano. Wazungu wa kituo waliuita volubilis. Zaina aliuita kamba, na baada ya jiko kuanguka hakuuita kitu kingine.

"Papa Fatouma," alimwambia siku hiyo, akipika lituma ya ndizi mvuani, "kama unapenda maua, leta ile inajua kukaa chini. Kama haiko, uitafute."

Fatouma alikuwa binti yao, aliyeolewa Kindu. Mume mwingine angesikia katika maneno yale hasira ya mwanamke aliyelowa, akaenda kukata miti ya jiko jipya. Abdulhamid, ambaye tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kuchukua maneno ya watu kama yalivyo, aliyasikia kama kazi aliyoagizwa. Jiko lilijengwa na shemeji zake.

Msimamizi wake Yangambi alicheka mpaka akavua miwani. Mmea wa kutambaa usiotambaa? Bon, afanye, lakini baada ya saa za kazi, na kwa makopo yake mwenyewe. Abdulhamid akaanza. Katika kitalu alikuwa ameona mche mmoja kibeti, hauzidi mkono, wenye maua madogo yaliyopauka, mabaya kwa kweli. Akachukua chavua ya kile kibeti, akaipaka kwenye ua kubwa la buluu kwa unyoya wa kuku. Watoto wote waliozaliwa wakapanda juu ya uzio kama mama yao. Hakukata tamaa, maana alikuwa amebeba madaftari ya wataalamu wa michikichi kwa miaka kumi na alijua siri moja waliyoiandika kila ukurasa: kilichojificha kwa watoto hurudi kwa wajukuu, mmoja kati ya wanne.

Adui yake alikuwa nyuki. Kamba za kawaida zilijaa kwenye veranda za Wazungu na kila uzio wa mji, na nyuki mmoja tu akitoka huko na kuingia katika ua lake, kazi ya miaka ingechafuka. Kwa hiyo kila jioni alifunga kwa uzi wa kushonea ncha za matumba ya maua yatakayofunguka kesho, ili kila ua lijichavushe lenyewe humo ndani. Alifunga uzi kwa upole kuliko alivyowahi kufunga vifungo vya nguo za binti yake. Zaina alimwambia hivyo, na si kwa kumsifu.

Ua lile lilikuwa na tabia moja, ambayo lazima isemwe sasa kwa sababu ndiyo iliyoleta mambo yote. Lilifunguka alfajiri, buluu safi. Saa sita za mchana lilijifunga, na likijifunga liligeuka rangi, likawa jekundu. Lilifanya hivyo kila siku ya Mungu, chini ya serikali yoyote.

Uhuru ulipokuja, mkuu wa mtaa alisikia kwamba Abdulhamid ana maua yenye rangi za bendera mpya, buluu na nyota ya njano. Akaagiza makopo kumi na mawili yapangwe mbele ya jukwaa. Hotuba zilikuwa zianze saa tatu asubuhi. Zilianza saa nane. Wakuu walipopanda jukwaani walikuta mbele yao vitu vyekundu vilivyojikunja.

"Maua yako inakataa indépendance," mkuu wa mtaa alisema.

"Hapana, Chef. Inalala tu. Iliamuka mapema kuliko watu ya hotuba."

Jibu hilo halikumsaidia. Baada ya hapo Wazungu waliondoka kituoni, mishahara ikaacha kufika, na Abdulhamid akarudi nyumbani kwa mashua, makopo yakiwa magotini. Sasa aliishi na Zaina siku zote, katika mji ambao kwenye karatasi uliitwa Stanleyville na midomoni mwa watu uliitwa Kisangani. Yeye alikuwa na maua na Zaina alikuwa na mafuta ya mawese, aliyoyauza sokoni kwa kopo moja la maziwa ya unga, kipimo chake cha miaka kumi na tano. Wanawake walivuka soko zima kuja kwa Zaina kwa sababu ya kopo hilo, maana halikubonyezwa chini wala kupakwa nta ndani ili kumpunja mnunuzi. Mumewe hakuruhusiwa hata kulishika.

Miaka ile makopo yaliadimika. Wezi walikuja bustanini kwa Abdulhamid, wakamwaga udongo na mmea chini kwa ustaarabu, wakaondoka na makopo. Mbuzi walimaliza kilichobaki. Kufikia mwaka 1964 alikuwa na kopo moja tu mlangoni, lakini ndani yake kilisimama kizazi cha saba: mmea mfupi kama mkono wa mtoto, uliojaa maua makubwa ya buluu, usiotaka kupanda popote. Akipata mbegu zake safi, kazi imekwisha. Jina alikuwa ameshaupa mmea huo, akaliandika kwenye kibao cha mti kilichochomekwa koponi: Zaina.

Mwezi wa nane waasi waliingia mjini. Walijiita Simba. Watu walikimbia, watu waliuawa hadharani kwa sababu ya kalamu mfukoni au tai shingoni, alama za wasomi. Asubuhi moja doria ilipita mbele ya mlango wa Abdulhamid, ikasimama.

"Papa, hii bendera unaweka ku mulango iko ya nani?"

"Haina bendera. Iko maua."

"Buluu, na nyota ya jaune katikati. Tuko na macho."

Wakawakamata wote wawili, yeye na kopo.

Mahakama ilikaa katika ghala la zamani la kahawa. Aliyeiongoza alikuwa Kamanda Lambert, ambaye hadi mwezi wa saba alikuwa kinyozi karibu na soko, na aliyemjua Abdulhamid mpaka kovu la kisogoni. Sasa alimtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Abdulhamid aliogopa.

"Bon. Hii maua jina yake nani?"

"Zaina."

"Zaina iko nani?"

"Bibi yangu."

"Donc iko na complice, mwenzake wa makosa. Bamulete."

Ilichukua saa mbili kumpata Zaina, kwa sababu waliotumwa waliogopa kuingia soko la wanawake. Viapo vyao vilikataza kuguswa na mwanamke. Alipofika alikuwa ameshika kopo lake la mafuta kwa mikono miwili.

"Mama," alisema Lambert, "asubuhi uko upande ya nani?"

"Asubuhi niko ku soko."

"Na magaribi?"

"Magaribi niko ku nyumba, nangojea huyu. Anachelewa juu ya maua."

Lambert alikuwa akifikiria jibu hilo, na kufikiria kwake kulikuwa kwa hatari, mmoja wa wazee wa mahakama aliponyoosha kidole. "Commandant, angalia."

Ilikuwa saa sita. Juu ya meza, maua yote ya kopo yalikuwa yamejikunja, na yalikuwa mekundu.

Abdulhamid, ambaye hakuweza kumwacha mtu na elimu pungufu, alifungua kinywa aeleze kwamba yanafanya hivyo kila siku, hata kwa Wabelgiji yalifanya. Zaina alimkanyaga mguu kwa kisigino. Akafunga kinywa.

"Imegeuka," alisema Lambert polepole. "Iliingia humu ya serikali, saa hii iko ya révolution. Masaa tatu ya tribunal tu."

Hukumu ikatolewa hapo hapo. Mshtakiwa aachiliwe, kwa kuwa amelea mmea unaosikia. Mke wake arudi sokoni. Ua liandikishwe jeshini kwa cheo cha kaporali, lisimame mlangoni mwa ghala. Mganga wao akaja na maji yake ya dawa ya kuzuia risasi, akalinyunyizia mara tatu.

Abdulhamid akanyoosha mkono achukue kopo lake. Bunduki tatu ziliinuka kwa pamoja. Sheria yao ilikuwa wazi: aliyepewa dawa haguswi na ambaye hakupewa, la sivyo dawa inakufa, na mtu wao atakufa nayo. Walikuwa wameamini sheria hiyo kwa maisha yao wenyewe, na hawakuona sababu ya kumpunguzia kaporali.

Asubuhi iliyofuata alisimama nje ya uzio wa ghala. Jana jioni hakuna aliyefunga uzi. Maua kumi na moja yalifunguka, na nyuki wa kwanza akaja kutoka uzio wa jirani, uliojaa kamba za kawaida, akaingia, akatoka, akaingia la pili. Abdulhamid alilia, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, wala hakujificha.

Mlinzi wa mlango aliitwa Léon, mtu wa Opala, mpole kuliko kazi yake.

"Papa, unalilia nini?"

"Ndugu Léon, hii nyuki ilipewa dawa?"

Léon akafikiri. "Hapana."

"Alors iko nagusa kaporali yenu."

Uso wa Léon ulibadilika. Akakata kuti la mchikichi, akaanza kuwafukuza. Alifukuza nyuki siku tatu kwa moyo wote, na Abdulhamid alisimama nje akimwelekeza: huyu kushoto, yule mdogo chini. Siku ya nne aling'atwa mdomoni. Akaenda kwa mganga kuuliza kama nyuki wenyewe wanaweza kunyunyiziwa, ili mambo yaende kwa utaratibu. Mganga alijibu kwamba maji hayatoshi.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya Jumanne, askari wa Kibelgiji waliteremka kutoka angani kwa miavuli, na wa serikali wakaingia kwa magari. Abdulhamid na Zaina walilala chini ya kitanda siku mbili. Watu wengi walikufa, weupe na weusi, siku ile na nyingi zilizofuata. Léon alikufa. Walimkuta kwenye mlango wa ghala, mahali pake.

Kopo halikuwepo. Kuna mtu aliyelihitaji kwa kupimia mchele. Mmea ulikuwa umetupwa ukutani, umekauka, na vitumba vya mbegu vilikuwa vimepasuka na kumwaga. Abdulhamid alirudi nyumbani, akalala akitazama ukuta. "Niliizika kazi yangu," alimwambia mkewe. "Sitaanza tena."

Kufikia mvua za mwaka uliofuata, ghala la kahawa lilikuwa limefunikwa. Mbegu zote zilizomwagika ziliota, na zote, watoto wa nyuki wa Léon, zilipanda: dirisha, mlango, paa, mpaka nguzo ya bendera. Ndani walikaa askari wa serikali chini ya adjudant mmoja, Wenceslas. Abdulhamid alikwenda kumwomba amruhusu achume mbegu. Bahati mbaya alikwenda asubuhi.

"Angalia ile rangi," alisema Wenceslas kwa heshima. "Buluu, na nyota. Mutu anagusa ile, anagusa Taifa."

Alirudi nyumbani, na safari hii hakulala. Alizunguka uani akisema peke yake. Ndani ya zile kamba zote kibeti kimejificha, alimweleza Zaina. Kwa wajukuu kitarudi, mmoja kati ya wanne. Lakini hawamruhusu kuugusa. Kwanza ulikuwa wa waasi, hauguswi; sasa ni wa Taifa, hauguswi, na yeye aliyeuzaa anasimama nje kama mdai.

Zaina alikuwa anafua. "Inageukaka saa ngapi?"

"Saa sita."

Akajipangusa mikono, akajifunga liputa, kitenge chake, akaondoka. Alifika ghalani saa saba, Wenceslas akiwa amelala, na zamu ilikuwa ya askari mgeni aliyefika jana kutoka Bumba.

"Mukubwa," alimwambia, "muko munaacha maua ya ba Simba inapanda ku nyumba ya serikali?"

Askari aliinua macho. Ukuta mzima ulikuwa mwekundu. Hakutaka kukutwa chini ya kitu kama hicho. "Toa, mama. Toa mbio mbio."

Zaina alitoa mbio mbio. Alivuta majani kidogo kwa ajili ya macho ya askari, na vitumba vikavu vyote alivyoweza kuvifikia, akavifunga katika ncha ya liputa. Yeye aliyekuwa hajawahi kushika ua hilo, alichuma mpaka kucha zikawa nyeusi.

Abdulhamid alizipanda mbegu hizo katika maganda ya mgomba, kwa kuwa mjini hapakuwa na makopo. Miche arobaini na moja iliota. Baada ya wiki tano, thelathini na miwili ilikuwa inatafuta kitu cha kupanda. Tisa ilikuwa imekaa chini. Aliihesabu mara nne, akamwita mkewe aje aihesabu na yeye.

Mmoja aliuweka kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Mwingine kwenye kofia ya chuma ya askari. Alitafuta huku na huku, akapata vyombo vinane. Wa tisa, uliokuwa mfupi kuliko wote na wenye majani mazito, alibaki ameushika mkononi na udongo wake, akitazama uani.

Zaina aliingia ndani. Alitoka na kopo lake la mafuta, akaliinamisha juu ya kigogo, akachukua msumari na jiwe, akalitoboa chini. Alipiga mara tatu, ili maji yapite vizuri.

"Mama Fatouma," alisema Abdulhamid, "ile iko ya soko."

"Iko na tundu," alisema Zaina. "Ku soko itafanya nini?" Akalijaza udongo mwenyewe, akachomeka pembeni kibao kitupu, akamsukumia. "Andika jina yangu vizuri. Na jioni, uzi, usisahau."

Kesho yake, sokoni, aliazima kipimo cha jirani yake Asha.