Leo Tumekula Kazi ya Miezi Minne

Jamani, leo tumekula kazi ya miezi minne. Kwa ndizi.

Mnajua nambebea mizigo na kumpigia makasia yule Mdachi anayetafiti mimea ya visiwani. Majani tunayakausha kwenye magazeti, yapelekwe Ulaya.

Tumefika kijiji cha Ikolo hoi, tukayaanika majani uani kwa mwenyeji wetu, nikalala palepale.

Kuamka, mama mwenyeji anapakua.

"Mboga zenu zilikuwa zinakauka bure, wanangu. Nimewapikia."

Mgongo wangu wote umo chunguni!

Nikamwangalia bwana. Akaonja.

"Ndaga, mama," akashukuru, kama tulivyomfundisha.

Kisha akafungua daftari, akaandika neno moja, akanisomea: "Yanalika."

Mnaocheka, chekeni tu. Kesho narudi kwenye makasia tukachume upya, na mboga yenyewe hata chumvi haikuwa nayo.