Nauli ya Cherehani

Nilikuwa wiki ya tatu ndani ya eda ujumbe ulipoingia kwenye simu ya marehemu mume wangu. "Kaka, mzigo wako umefika Korogwe. Lipia nauli uuchukue."

Simu ile nilikuwa naichaji kila siku. Sijui kwa nini, maana watu wa kuambiwa walikuwa wameshaambiwa.

Nilirudi nyuma kusoma, nikaelewa. Kulikuwa na kundi la mnada. Muuzaji yuko Dar es Salaam, anaweka picha ya kitu, watu wanapandishiana bei mpaka saa aliyotaja, wa juu anachukua. Mume wangu, akiwa kitandani na kifua chake, alishindania cherehani ya kukanyaga, akaipata na kuilipia. Hakuniambia. Nikakumbuka mbuzi wawili aliosema amewapeleka kwa mdogo wake wakanenepe.

Cherehani yangu tulikuwa tumeiuza ili atibiwe. Siku inabebwa aligeukia ukutani.

Tangazo la mnada lilisema bei ni pamoja na usafiri. Sasa muuzaji anadai nauli, tena kubwa, kwa sababu meza ya cherehani ina miguu ya chuma. Nisingeweza kwenda Korogwe kubishana uso kwa uso. Mwenye eda hatoki. Nilikuwa na simu tu, na hapo ndipo nilipokosea. Sikumwambia kwamba mwenye simu amezikwa. Niliogopa atasema mjane hamjui, cherehani irudi Dar, nami nibaki na mikono mitupu. Kwa hiyo nilijibu kama yeye. Niliandika kwa mkato alivyokuwa akiandika, hata "sawa" yake ya herufi mbili, "sw".

Tulibishana siku tatu. Siku ya pili aliandika, "Kaka, siku hizi umekuwa mkali. Ugonjwa umeisha?"

Nikaandika, "Umeisha." Lilikuwa neno la kweli, na nililiandika kwa uongo.

Aliposema Ijumaa mzigo unarudi na basi, niliingia kwenye kundi nikaandika mbele ya watu wote kwamba huyu ni tapeli. Hakunitukana. Alinijibu pembeni: "Kaka, tusigombane. Sikiliza sauti yako mwenyewe, ile ya siku ya mnada."

Sauti za mume wangu zilikuwa mle, nilikuwa nazipita. Tangu tumzike sikufungua hata moja. Asubuhi ya pili yake nilifunga mlango, nikabonyeza.

Ilianza pumzi. Halafu kikohozi, nami nilikuwa nimeshainuka kumletea maji kabla sijakumbuka. Kisha akasema, polepole:

"Bei hiyo ni ya watu wa hapo Dar, nimekuelewa. Huku nauli ni yangu. Usije ukamdai mke wangu, hata akipokea yeye simu. Nitakwenda mwenyewe Korogwe, nimpelekee kwa mkono wangu."

Nikaizima hapo.

Siku ya mazishi shemeji yangu, huyo mdogo wake, alisimama pale makaburini akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu aje kwetu. Hakuja mtu. Kumbe mwenye kudai alikuwapo, na mimi nilikuwa namfukuza kwa mdomo wa maiti.

Niliandika: "Mimi si yeye, ni mkewe. Amefariki, hii ni wiki ya tatu. Nauli unaidai kweli. Nisamehe." Kwenye kundi nako niliandika kwamba aliyedanganya ni mimi.

Baada ya adhuhuri akapiga. Sauti yake ilikuwa ya kijana zaidi kuliko nilivyodhani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sasa mama, siku zote hizi nilikuwa nabishana na nani?"

"Na mimi, mwanangu."

Alinipa pole, akasema nauli niiache. Nilikataa. Nilimwambia, "Mwenyewe alisema ni yake, na wewe na mimi tumemsikia." Shemeji akauza magunia yangu mawili ya mahindi, akakiri kwamba wale mbuzi waliuzwa, akaenda Manundu, hapo Korogwe, penye ofisi ya mabasi. Alirudi na cherehani juu ya paa la gari, imefungwa kwa kamba kama mgonjwa kwenye machela.

Eda imeisha sasa. Nashona sare za shule na mashuka, na kazi ipo. Kuna wakati nakanyaga nasikia kama kuna mtu mlangoni anangoja nimalize mshono. Sigeuki.

Ile sauti ina kipande kilichobaki, kama nusu dakika. Sijakisikiliza. Huenda ni kikohozi tu. Simu bado naichaji.