Shanga za Nyanya Ajikon

Saa moja asubuhi, Sellah Awino anapitisha kidole chini ya shanga za Nyanya Ajikon. Kidole kinatoka na usaha.

"Ata, shingo inauma?" anauliza, kwa jina ambalo Waturkana humwitia nyanya.

"Mkono wako ndio unauma," nyanya anajibu, na kumzaba kibao.

Sellah, miaka arobaini na mmoja, anatunza wazee katika makao haya ya Lodwar tangu 2006. Wako kumi na wanne. Sita, Ajikon akiwemo, hawakumbuki hata kama wamekula. Muuguzi ameagiza shanga zote zikatwe leo, kidonda kisafishwe kabla hakijaingia ndani zaidi. Mkasi uko mezani.

Sellah haugusi. Mwanamke wa Kiturkana huvua shanga akifiwa. Mwaka jana, 2012, Sellah alimvua nyanya mwingine ili amwogeshe. Yule mama alimlilia mumewe siku tatu, chakula akakataa, na huyo mume alizikwa zamani.

"Nilimuua mume wa mtu mara ya pili," anasema, "kwa sababu ya sabuni."

Kwa hiyo anampigia Lokuruka, muuza mbuzi wa Kakuma, mwana pekee wa Ajikon na mlezi wake kwa karatasi ya korti.

"Daktari, wewe toa tu. Mimi iko sokoni."

"Mimi si daktari, nafua mashuka. Nikizitoa, mama yako atajua umekufa. Nimwambie nini?"

Simuni Lokuruka anamwita mtu amshikie mbuzi.

"Ngoja. Nakuja."

Anafika saa nane, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kuketi chini mbele ya mama yake.

"Wewe ni wa nani?"

"Mimi Lokuruka."

"Mwongo. Lokuruka ni mtoto."

Lokuruka anauchukua mkono wa mama na kuuweka kichwani pake mwenyewe, penye kovu la utotoni. Vidole vinalifuata taratibu.

"Ngamia," mama anasema.

"Ndiyo, mama. Ile ngamia."

Mkono unabaki palepale. Sellah anakata uzi wa kwanza.

Sasa anataka kuwaomba wakubwa wa makao jambo moja: mlezi aitwe siku mzee anapoletwa, aseme kipi kisiguswe. "Wanamwita kutia sahihi tu," anasema.

Jioni Ajikon anajipapasa shingo, juu ya bandeji.

"Shanga zangu?"

"Lokuruka amezishika, Ata. Ukipona atakufungia."

"Haya," anasema Ajikon, na kuitisha chai.