Yudita, pipa la koki na kopo la kwanza

Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia bado yamelala kwenye foleni, madereva wanapiga mswaki kando ya matairi. Nyuma ya barabara iendayo Sumbawanga, Yudita Silwimba amepiga magoti mbele ya pipa jeupe la plastiki. Amelibandikia sikio kama nesi anayemsikiliza mama mjamzito.

"Hebu nyamaza kidogo," anamwambia mumewe, Zabron, anayesaka kandambili zake chini ya kitanda.

Zabron ananyamaza. Pipa linaongea. Ndani yake kuna lita mia za komoni, pombe ya unga wa mahindi na kimea cha ulezi, na komoni ikiwa hai hunong'ona kama mtu mwenye maji mdomoni. Yudita analegeza mfuniko kidogo. Hewa inatoka, fyuuu.

"Imeiva," anasema, anajipangusa magoti. "Leo tunauza."

Huyo ni mwanamke ambaye masika yaliyopita alikuwa hajui kama atauza tena hata kopo moja.

Yudita, mzaliwa wa Ndalambo, amepika pombe tangu akiwa binti, akimsaidia mama yake aliyetumia vyungu. Alipoolewa Tunduma akahamia kwenye ndoo za plastiki, na kata ya kibuyu ya kuchotea. Zabron anasukuma toroli la mizigo pale mpakani. Siku mizigo ikiwepo wanakula jasho lake, siku haipo wanakula komoni ya mkewe. Ada ya binti yao Goodness, aliyeko kidato cha pili, imetoka kwenye zile ndoo tangu siku ya kwanza.

"Mpiko mmoja ulikuwa unaniachia kama elfu kumi na tano hivi," anasimulia. "Si utajiri, lakini nilikuwa silali na mawazo."

Mawazo yalikuja na mvua. Ugonjwa wa kuhara ulipita mtaani, vilabu vyote vya pombe vikafungwa, na vikakaa kufuli miezi miwili. Mtaji wa Yudita ukaliwa na familia, kijiko kwa kijiko. Ruhusa ya kufungua ilipotoka, bwana afya wa kata akaja na sharti lake: pombe ikae kwenye chombo chenye mfuniko na koki, na atakayekutwa akichota kwa kata ya kibuyu asifikirie kufungua tena.

Kina mama wakabaki wanaangaliana. Pipa lenye koki ni kitu cha maji ya kunawa. Nani aliwahi kuweka komoni humo?

Zabron akauza baiskeli yake. Hela hiyo, na gunia la mwisho la mahindi na ulezi lililobaki uvunguni, ndiyo ilikuwa kila kitu walichonacho.

Wakaenda kwa Abdulwahab, mfanyabiashara aliyetokea Kondoa, anayeuza mapipa matupu yanayovushwa kutoka ng'ambo. Abdulwahab ni Mwislamu wa swala tano, na msimamo wake unajulikana. Yudita alipoingia tu akasema anataka pipa la komoni, mwenye duka akainua mkono.

"Mama, umesema la maji?"

Yudita akamtazama. Abdulwahab akatazama bati.

"La maji," Yudita akasema.

Kuanzia hapo mambo yakaenda vizuri. Abdulwahab akauliza kama hayo maji yake yana machicha. Yudita akakiri kwamba yanayo, tena mengi. Basi, akaelekezwa, koki isikae chini kabisa kama ya maji ya watu wengine. Ipande vidole vinne, machicha yabaki yametulia huko chini. Akaulizwa tena kama maji yake yanapumua. Yanapumua sana, akasema, hasa siku ya pili. Abdulwahab akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mfuniko wa maji ya namna hiyo haukazwi mpaka mwisho, maana kuna mama mmoja wa Mlowo alikaza wa kwake, maji yakafumua dari na kumwagikia wageni waliokuja kuposa.

Zabron alikuwa ameshapenda pipa la bluu, kubwa, bei nafuu. Abdulwahab akamfungulia, akamwambia anuse. Zabron akanusa, akarudi nyuma hatua nzima. Lilikuwa limebeba dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hilo, mwenye duka akasema, huwa anawauzia mafundi ujenzi. Pipa la chuma nalo likakataliwa, kwa sababu maji makali yanakula chuma. Likabaki jeupe, lililokuja na juisi nzito ya machungwa. Yudita akaazima maji ya moto kwa mama lishe wa jirani, akalisuuza, akaingiza kichwa chote ndani. Machungwa matupu. Akalipa elfu thelathini na tano, na fundi bomba akatoboa tundu la koki hapohapo.

Alipoulizwa na gazeti hili kuhusu mchango wake katika biashara ya pombe Tunduma, Abdulwahab alisema hana habari nayo. "Mimi nauza mapipa ya maji," alijibu, na kuagiza chai.

Siku ya ufunguzi bwana afya alifika mapema kilabuni anakouzia Yudita. Akazunguka pipa, akafungua koki, akafunga, akasema sawa, akaondoka. Yudita anasema alidhani mtihani umekwisha. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa umekaa kwenye benchi, umevaa koti.

Huyo ni Mzee Lusubilo, Mndali, fundi viatu mstaafu, mteja wa kilabu hicho tangu kuta zake zikiwa za matete. Asipokunywa yeye, benchi zima halinywi. Na pale kilabuni kuna sheria ambayo hata watoto wanaijua: anayechota ndiye anayeonja. Zamani Yudita alikuwa anachovya kata kwenye ndoo mbele ya macho ya watu, anakunywa, wanaona koo lake likipanda na kushuka, ndipo wanapokea. Hakuna aliyewaza sumu.

Siku hiyo akafungua koki, akajaza kopo, akanywa. Benchi likamgeukia mzee.

"Hiyo haihesabiki," Mzee Lusubilo akasema. "Ndani hatuoni. Mimi sinywi kitu kinachotoka gizani."

Yudita akamweleza kwamba ni komoni ileile, mikono ileile. Mzee akasema mikono anaiamini, plastiki haijui. Wazambia wawili waliovuka kutoka Nakonde wakasalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mayo," wakaona hakuna anayekunywa, wakaaga kwa adabu ileile. Jua likasogea. Komoni haina subira: leo tamu, kesho kali, keshokutwa ni siki ya kumwaga. Na ikimwagwa hiyo, hakukuwa na mahindi ya kupika nyingine.

"Nilimwonyesha koki," Yudita anakumbuka. "Nikamwambia, haya baba, njoo ufungue mwenyewe. Chagua kopo unalotaka. Mimi sigusi."

Mzee Lusubilo akainuka kwa madaha. Akachagua kopo la nyuma kabisa, akalikagua kama soli ya kiatu, akainama, akafungua koki. Komoni ikashuka, povu likapanda, akafunga. Kisha akamnyooshea Yudita.

Hapo ndipo Leah, mpika pombe mwenzake Yudita, aliyekuwa amejikalia zake mlangoni, akauliza kwa sauti ya upole:

"Mzee, aliyechota ni nani?"

Mzee akalitazama kopo. Akaitazama koki. Mkono wake ulikuwa bado una povu.

"Uongo mbaya," anasema leo Mzee Lusubilo mwenyewe. "Nilifikiria kukohoa."

Hakukohoa. Akanywa, kwanza kidogo, halafu lote, akafuta masharubu kwa kiganja. Watu wakasubiri aanguke. Akasema, "Ina ubaridi. Halafu haina nzi." Akainama akajaza la pili.

Yudita alikwenda nyuma ya kilabu, akakaa kwenye kinu, akalia kidogo na kucheka zaidi. Aliporudi, pipa lilikuwa limeshuka nusu.

Tangu hapo Mzee Lusubilo ndiye mfunguaji wa koki. Hakuajiriwa na mtu, na ukichelewa kumpisha anakuuliza kama wewe ndiye mwenye cheo. Ada ya Goodness ya muhula huu imelipwa. Baiskeli bado.

Yudita anapanga kununua pipa la pili, la kukodisha kwenye harusi, lipakiwe kwenye gari likiwa limejaa, lifike hata Vwawa likiwa halijaingia vumbi. Mzee Lusubilo ameshasikia, na ameshauliza safari ni lini.

"Haendi," Yudita anasema, anaosha makopo na kuyapanga juani. "Hilo la kwanza nimemwachia. La pili nachota mwenyewe, na kopo la kwanza nakunywa mwenyewe."