Mlima Usio na Ng'ombe

Wakati wa Wadachi, mwanamume wa Olmotonyi alipanda mlima kwa sababu tatu tu: ng'ombe amepotea, mzinga umejaa asali, au askari wanakusanya watu wa kwenda kujenga barabara. Lerionka alipanda bila hata moja ya hizo, tena akarudi anacheka. Watu wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, na haki yao.

Aliyemharibu ni Mdachi mmoja mwenye ndevu nyekundu, aliyemchukua amwonyeshe njia ya juu. Siku nzima Lerionka alikwenda ameinamisha uso akitafuta alama za kwato. Walipotoka msituni, akauliza kwa adabu huyo ng'ombe aliyepotea ni wa rangi gani. Mdachi akasema hajapotelewa na ng'ombe, amekuja kutembea tu.

"Kutembea kwenda wapi?"

"Huku juu."

"Halafu?"

"Halafu tunashuka."

Lerionka akaketi chini akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Alipoinua macho, ndiyo mara ya kwanza siku hiyo, akaiona nchi yote chini yake, hadi nyika za Terrat na kupita. Tangu hapo hakupona. Kazi ikiisha tu, huyoo, anashika fimbo yake anapanda. Siku moja mbogo alimfukuza, akaparamia mti, kumbe mti una siafu. Mbogo akaondoka. Siafu hawakuondoka. Alisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, na keshokutwa yake akapanda tena.

Yote hayo yangekuwa mambo yake kama asingekuwa anamposa Nosim. Asali ya posa ilikwisha kupelekwa, na baba wa binti, mzee Parsimei, alikwisha kuipokea na kuinywa. Ndipo habari za mlima zikamfikia. Wengine walisema kijana ana wazimu, lakini Parsimei alijiona mwerevu kuliko wengine, na hapo ndipo alipokosea. Miaka ile watu walificha mifugo msituni Wadachi wasiichukue. Basi akaamua kwamba kijana apandaye mlima kila mara ana ng'ombe huko, na kwamba anawaficha ili asidaiwe mahari ya haja. Akamwita.

Lerionka akainamisha kichwa kumwamkia, mzee akiguse kwa kiganja, kama adabu inavyotaka. Mzee alikuwa na hasira, akakigusa kwa kidole kimoja tu.

"Kesho tunapanda wote," akasema. "Nikiwaona ng'ombe wako, wewe ni mwongo, na binti yangu simpi mwongo."

"Na kama hakuna ng'ombe, mzee?"

"Basi una wazimu. Mwenye wazimu simpi pia."

Lerionka alirudi kwao. Alimpenda Nosim, jamani, na hakuona pa kutokea.

Asubuhi wakaondoka. Mzee alichokoa kila kichaka kwa fimbo. Alisimama akatega sikio asikie kengele za ng'ombe. Alinusa upepo. Mara akaona kinyesi njiani.

"Hiki nini?"

"Cha mbogo, mzee."

"Mbogo wa nani?"

Adhuhuri wakatokea juu ya msitu, kwenye ukingo wa mawe. Mzee akazunguka kila jiwe.

"Wako wapi?"

"Hawapo, mzee."

"Hata ndama?"

"Hata ndama."

Parsimei akaketi, maana magoti yalikataa. Lerionka alitaka kusema kwamba mwenda bure si mkaa bure, akamtazama mzee usoni, akaacha. Alijua amekwisha kumkosa Nosim.

"Lile boma la nani?" mzee akauliza, akielekeza fimbo chini.

"Lako."

"Wee, usinitanie."

"Lako, mzee. Na lile la pili ni la Kisioki."

Kisioki alikuwa jirani yake. Waligombea mpaka wa shamba miaka tisa. Wazee waliitwa, mbuzi walichinjwa, na hao wawili walikuwa hawasalimiani hata msibani. Parsimei akasimama, akakinga macho kwa kiganja.

"Mpaka uko wapi?"

"Hauonekani."

"Tazama vizuri, wewe una macho ya ujana."

Lerionka akatazama vizuri. "Hauonekani, mzee."

Mabega ya Parsimei yakaanza kutikisika. Lerionka akadhani ni baridi, akavua shuka lake amfunike. Kumbe mzee anacheka. Alicheka akashika jiwe, akacheka akafuta machozi. "Miaka tisa!" akasema. "Loo! Na mbuzi wote wale!"

Wakati wa kushuka alisimama ghafla njiani.

"Nosim utampata."

"Ashe, mzee, asante sana!"

"Ngoja. Usimlete huku juu hata siku moja. Akiona boma langu lilivyo dogo, nani atanisikiliza nyumbani?"

Lerionka akang'oa majani mabichi, akayashika mkononi, akaapa.

Kesho yake akamkuta Nosim mtoni, akamweleza furaha yake yote, na lile sharti pia. Nosim akaendelea kujaza kibuyu.

"Hilo boma nimekwisha kuliona," akasema. "Kuni za chini zilikwisha zamani. Siku hizi tunakata kule juu, pale pale kwenye ukingo wa mawe."

"Na hukumwambia baba yako?"

"Nimwambie nini?" Nosim akasema. "Ni baba yangu."